Sentimita Moja ya Dada Yangu

Dada aliachanisha kidole gumba na cha shahada, akabakiza upenyo mdogo katikati, akaninyooshea mkono nione.

"Hii hapa," akasema. "Miezi sita, mdogo wangu. Hii tu."

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, bahasha ya MRI iko mapajani mwake. Ripoti yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, na macho yake yalikuwa yamenasa kwenye mstari mmoja: kipimo kirefu cha fibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio saratani, kilikuwa sentimita 8.2, sasa ni 7.2. Miezi sita nyuma alilala kifudifudi ndani ya mashine kwa zaidi ya saa tatu, uvimbe wake ukiunguzwa kwa mawimbi ya sauti bila kisu kumgusa. Siku ile alitoka akiamini kwamba tukirudi tutaambiwa umekwisha.

Nilimwambia pole. Sikuwa na neno jingine.

Tangu hapo jambo hili limenikaa kichwani wiki baada ya wiki. Mbona fibroidi ya mwanamke mmoja hupungua hadi nusu, na ya mwenzake, kwa tiba ileile, inasogea kidogo tu? Nimesoma, nimeuliza, nimerudia kuuliza. Dada ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisionekane.

## Hesabu ya usiku

Usiku ule nilizitandaza ripoti zake mezani, ya kabla ya tiba upande mmoja na ya miezi sita upande wa pili. Kila moja ilikuwa na vipimo vitatu: urefu, upana na kina. Kabla: 8.2, 7.8 na 8.0. Baada: 7.2, 6.7 na 7.0. Dada alikuwa amechukua namba ya kwanza ya kila karatasi, akatoa moja kwenye nyingine, akafika kwenye upenyo wa vidole viwili.

Lakini fibroidi ni donge. Linapopungua hupungua pande zote kwa pamoja, na wataalamu wa picha hupata ujazo wake kwa kuzidisha vile vipimo vitatu, kisha jibu hilo mara 0.52. Nikachukua kikokotoo cha simu. Ripoti ya kwanza ikanipa mililita 266. Ya pili ikanipa 176.

Nikarudia, nikidhani nimekosea tarakimu.

Mililita 90 zilikuwa zimeondoka. Theluthi nzima ya uvimbe, nasi tulikuwa tumekaa kwenye benchi tunaomboleza.

Nikaendelea kupiga hesabu kwa sababu usingizi ulikuwa umeshakata. Fibroidi ya duara yenye kipenyo cha sentimita 8, ikipoteza nusu kamili ya ujazo wake, hubaki na kipenyo cha kama sentimita 6.3. Yaani hata mwanamke aliyeitikia tiba vizuri kabisa ataona kwenye karatasi nane imekuwa sita na kitu, na huenda akarudi nyumbani amenyong'onyea. Kwangu mimi hili ni kosa linalorekebishika kwa sentensi moja. Ripoti iandike ujazo, na iandike umepungua kwa asilimia ngapi. Mtu mwenye hofu husoma namba ya kwanza anayokutana nayo, na hiyo ndiyo anayolala nayo.

Asubuhi nilimpigia. Akanyamaza kitambo, halafu akauliza: "Sawa, theluthi. Sasa kwa nini isiwe nusu?"

## Kilichokufa siku ya kwanza

Nilikuwa nikidhani kwamba mtu akishafanyiwa tiba hii, uvimbe wote umetibiwa, na kinachobaki ni mwili wake kumaliza kazi kwa kasi yake. Hapo ndipo nilipokuwa nimepotoka.

Mawimbi ya sauti hukusanywa yakutane sehemu ndogo ndani ya uvimbe. Joto la hapo hupanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi kwa sekunde chache, seli zikafa na vijishipa vya damu vikaziba. Pigo moja huchukua kama sekunde 20. Kisha mashine husubiri ngozi na nyama za njiani zipoe, ikahamia sehemu ya jirani. Ndiyo maana inachukua saa nyingi: donge linaunguzwa kipande kwa kipande. Mwishoni mgonjwa huchomwa dawa yenye gadoliniamu kwenye mshipa, akapigwa picha nyingine. Panapopita damu hung'aa. Palipokufa hubaki peusi.

Weusi ule hupimwa ujazo, ukagawanywa kwa ujazo wa fibroidi nzima, ikapatikana asilimia ya sehemu isiyopitwa tena na damu. Katika yote niliyosoma kuhusu kusinyaa, hii ndiyo sababu iliyojitokeza tena na tena, na ukiifikiria ni jambo la wazi. Mwili huondoa kilichokufa. Nyama iliyobaki na damu yake haina sababu ya kusinyaa.

Historia ya tiba yenyewe inalionyesha hilo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hii kwa fibroidi Oktoba 2004. Katika majaribio ya mwanzo madaktari walibanwa kwa tahadhari: waliruhusiwa kuunguza sehemu tu ya uvimbe, na kuacha ukingo mpana usioguswa. Ripoti ya wanawake 109 wa mwanzo, iliyotoka mwaka huohuo, ilionyesha kwamba baada ya miezi sita fibroidi zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 13.5 tu. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema tiba haifai. Baadaye masharti yalilegezwa, sehemu iliyouawa ikaongezeka, na kusinyaa nako kukaongezeka. Fibroidi iliyouawa sehemu kubwa huweza kupoteza theluthi hadi nusu ya ujazo wake ndani ya mwaka, na zipo zinazopita hapo.

Nikafungua tena bahasha ya dada. Ripoti ya siku ya tiba, mstari wa nne kutoka chini: asilimia 62.

Namba hiyo ilikuwa kabatini kwake miezi sita yote. Hakuna aliyetueleza maana yake, na sisi hatukuuliza.

## Rangi ya uvimbe

Basi swali likarudi nyuma hatua moja. Kwa nini 62, isiwe 90?

Sehemu ya jibu hujulikana kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Mwaka 2007 madaktari wa Japani, Funaki na wenzake, walichapisha njia ya kuzipanga fibroidi kwa kuangalia tu rangi yake kwenye aina ya picha ya MRI inayoitwa T2. Aina ya kwanza ni nyeusi kama misuli ya kawaida ya mwili. Ya pili imepauka kuliko misuli, ila bado ni nyeusi kuliko ukuta wa kizazi. Ya tatu ni nyeupe sawa na ukuta wa kizazi au kuuzidi. Mbili za kwanza ziliitikia joto vizuri. Ya tatu iliitikia vibaya.

Mara nyingi weupe huo ni dalili ya maji mengi, seli zilizosongamana, au damu nyingi. Na damu ndiyo adui wa tiba hii. Pigo la joto likitua, damu inayopita hulibeba na kuondoka nalo kabla halijaua kitu. Ni kama kuchemsha maji kwenye sufuria ambayo mtu anaendelea kuimiminia maji baridi. Fibroidi nyeusi imejaa nyuzi ngumu zenye damu kidogo, kwa hiyo joto likiingia hukaa. Ndiyo maana vipo vituo vinavyompa mgonjwa dawa za homoni kwa miezi kadhaa kabla, ili uvimbe upungue na damu ipungue, na vingine hutumia oksitosini wakati wa tiba yenyewe ili mishipa ya kizazi ibane.

Nilisita sana nilipofika hapa. Niliwaza juu ya mwanamke mwenye fibroidi nyeupe atakayesoma aya hizi usiku, peke yake, na kuhisi amehukumiwa. Dada mpendwa, hujahukumiwa. Zipo njia nyingine: kuziba mishipa inayolisha uvimbe, au upasuaji wa kuuondoa na kukiacha kizazi mahali pake. Unachostahili ni kuambiwa mapema picha yako inasema nini. Kumlaza mtu saa tatu katika maumivu kwa tiba ambayo picha yake mwenyewe ilishaonya kwamba haitashika ni kumwonea.

Ya dada yangu ilikuwa aina ya pili. Damu yake ilikuwa ya wastani. Rangi peke yake haikutosha kueleza ile 62.

Yapo mengine ambayo nitayataja haraka kwa sababu hayakumhusu yeye: mafuta mengi chini ya ngozi ya tumbo huifanya njia ya mawimbi kuwa ndefu na nguvu kupungua, kovu la upasuaji wa zamani huweza kushika joto na kuunguza ngozi, utumbo ukikaa mbele ya kizazi lazima usogezwe au sehemu hiyo iachwe. Uvimbe ukiwa mkubwa sana, muda nao huwa tatizo, maana hakuna anayeweza kulala pale siku nzima.

## Kitufe

Picha yenyewe niliiona wiki mbili baadaye. Nilikwenda naye kwa daktari wake, nikaomba atuonyeshe kwenye kompyuta ile picha ya siku ya tiba, ya baada ya gadoliniamu. Akaifungua.

Katikati palikuwa na doa jeusi kubwa, kama shimo. Upande wa mbele weusi ulifika karibu na ukingo kabisa. Lakini nyuma, upande wa uti wa mgongo, kulikuwa na kitu cheupe kilichojikunja kama mwezi mwandamo, kinene kuliko nilivyotarajia.

Dada aliutazama mwezi ule, akashusha macho.

Hakusema kitu mpaka tulipotoka nje. Kisha, tukiwa tumesimama kwenye ngazi, akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha miezi sita.

"Nilibonyeza."

Anayefanyiwa tiba hii huwa macho. Hupewa dawa ya kutuliza na ya maumivu, huwekewa mpira wa mkojo ili kibofu kisijae na kusogeza kizazi, na hukabidhiwa kitufe mkononi. Akikibonyeza, mawimbi hukatika papo hapo. Dada aliniambia kwamba saa mbili za kwanza zilikuwa za kuvumilika, joto tumboni kama la siku mbaya ya hedhi. Halafu wakaanza kulenga nyuma. Pigo moja likashuka kwenye paja la kushoto mpaka kwenye kisigino, kama waya wa umeme. Akabonyeza. Wakabadilisha pembe, wakajaribu tena. Akabonyeza tena. Mara ya tatu mtaalamu akamwambia kwa upole kwamba wataiacha sehemu ile.

"Ningevumilia," akasema. "Ningeuma meno dakika chache tu, ile nyeupe isingekuwepo."

Kumbe hicho ndicho alichokuwa akikipima kwa vidole vyake pale kwenye benchi.

Nilirudi ndani peke yangu kumuuliza daktari, kwa sababu nilihitaji kumpelekea dada jibu ambalo si la kumbembeleza. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Mfupa mpana wa sehemu ya chini ya uti wa mgongo uko nyuma ya kizazi. Mfupa hunyonya nguvu ya mawimbi kuliko nyama, hivyo mawimbi yanayovuka uvimbe na kuufikia huupasha moto. Mishipa ya fahamu inayokwenda mguuni imepita hapohapo, imeulalia. Maumivu yanayoshuka mguuni yanamaanisha mshipa wa fahamu unapata joto. Angevumilia, angeweza kutoka na mguu wenye ganzi au udhaifu wa miezi mingi. Kitufe kimewekwa kwa ajili ya dakika ileile, kwa sababu mashine hupima joto la nyama kwa usahihi mkubwa, lakini mshipa ule humwambia mgonjwa kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Nilimwonyesha dada ule mchoro. Aliushika muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye mstari wa mshipa, kutoka mgongoni kushuka, akasimama pale karatasi ilipoishia.

"Ni hapa hasa," akasema. "Ulipita hapa hasa."

## Mwili unafagia polepole

Nyama iliyokufa haitoki siku moja. Seli za kinga huingia kutokea kingoni na kuila taratibu. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ndiyo yenye kasi, baada ya hapo mwendo hupungua, lakini kupungua kwenyewe huendelea hadi mwaka na hata kuupita. Kipimo cha miezi sita, kwa hiyo, kimechukuliwa safari ikiendelea. Mahali uvimbe ulipo nako kuna neno lake: ulioingia ndani ya uwazi wa kizazi unaweza kumeguka baada ya tiba na kutoka vipande vipande ukeni, na picha inayofuata ikaonyesha mpungufu mkubwa wa ghafla. Wa dada uko ndani ya ukuta, upande wa nyuma. Wake lazima uliwe.

Katika wiki zile watu wengi walimshauri ale hiki, aache kile, anywe kile kingine ili uvimbe ukauke upesi. Sikukuta popote kitu cha kunywa ambacho kimeonyeshwa kuharakisha kazi hiyo.

Umri nao una kauli. Fibroidi hulishwa na homoni, estrojeni na projesteroni. Ule mwezi mweupe uko hai, na madamu homoni zipo unaweza kukua tena. Mwanamke wa miaka 34 aliyebaki na ukingo kama huo ana miaka mingi ya kuulisha, na wanawake wa umri wake hurudi kutafuta tiba nyingine mara nyingi zaidi. Dada ana miaka 47. Mwili wake wenyewe unaelekea kufunga bomba.

Nitalisema na hili, kwa sababu linaniudhi linapoachwa: tiba hii haitoi kipande cha nyama cha kupeleka maabara. Kwa hiyo uvimbe unaokua wakati unapaswa kupungua, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, usisubiri miadi ya mwaka. Saratani ya misuli ya kizazi ni nadra, lakini hujificha kwa sura ya fibroidi.

## Daftari la dada

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza: 62 ndani, theluthi nje, na mwezi mweupe kama maelezo. Lakini kuna namba katika ile ripoti ya wanawake 109 ambayo nilikuwa nimeipita haraka. Fibroidi zao zilipungua kwa asilimia 13.5 tu, na bado karibu wanawake 8 kati ya 10 walionyesha nafuu kubwa walipojaza maswali kuhusu hali ya maisha yao.

Nilidhani kuna kosa. Inawezekanaje?

Uvimbe uliokatiwa damu inayoulisha hulegea. Mgandamizo kwenye kibofu hupungua hata kabla kipenyo hakijabadilika sana, na hedhi hupungua pia. Upo mpangilio wa maswali unaotumika kupima hili duniani, maswali 37, kati yake 8 ya dalili peke yake: damu nyingi, mabonge, kukojoa mara kwa mara, uchovu. Dada aliujaza kabla ya tiba na baada. Alama zake za dalili zilishuka kutoka 66 hadi 31, karatasi imo kwenye bahasha ileile, na siku ile kwenye benchi hakuna kati yetu aliyeitazama.

Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu tiba, hali yake ikoje. Mwanzoni nilikuwa nikiuliza uvimbe umefika wapi.

Akanyanyuka, akaleta daftari dogo lenye jalada la bluu. Huko nyuma daktari alimwambia aandike kila mwezi siku za hedhi na idadi ya pedi, naye ameandika bila kukosa, kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa mwisho kabla ya tiba: siku 9, pedi 41, na pembeni neno "kitandani" mara mbili. Mwezi wa kwanza baada ya tiba: siku 8, pedi 33. Wa tatu: siku 6, pedi 22. Wa sita: siku 5, pedi 17. Pembeni hapakuwa na neno lolote.

"Usiku ninaamka mara moja tu," akaongeza. "Zamani mara nne."

"Dada, mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Nanyi nyote mlikuwa mnangojea ile picha. Hata mimi nilikuwa naingoja."

Picha ya mwaka itapigwa mwezi wa 11. Jana nilipokwenda kumrudishia bahasha, aliitoa ripoti ya miezi sita, akautafuta ule mstari wa 7.2, na kwa kalamu yake nyekundu akaandika pembeni: mililita 176, kutoka 266. Chini yake akaandika: mguu mzima. Akaikunja, akairudisha kabatini, akaniuliza kama nitaweza kumsindikiza tena.